Nyumba ya Masi: tulivyojenga kwa pesa ya serikali kijijini Kutch

Kijijini huku India nyumba ya serikali huiombi. Jina lako sharti liwemo kwenye orodha, kisha unangoja lifikiwe. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza nilipokabidhiwa faili la Masi, mama mdogo wa mume wangu, mjane anayeishi na binti yake katika kijiji kimoja cha taluka (kama tarafa) ya Mandvi, wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku. Kikutchi nilikuja nacho kutoka nyumbani, Kigujarati cha kusoma alinifundisha bibi, na Kiingereza nilikipata shule. Kwa wakwe zangu sifa hizo zilitosha kabisa: kila karatasi yenye mhuri huletwa kwangu.

Mpango wenyewe unaitwa Pradhan Mantri Awaas Yojana, tawi la vijijini. Ulianza 2016 mahali pa mpango wa zamani wa Indira Awaas ulioanzishwa 1985, na wazee wa hapa bado wanauita kwa jina lile la zamani. Kwa majimbo kama Gujarat serikali kuu inatoa asilimia 60 ya pesa, jimbo asilimia 40, na mwenye nyumba anapewa rupia 120,000 akiwa sehemu za tambarare, 130,000 akiwa milimani. Tulipoanza, hiyo 120,000 ilikuwa kama shilingi milioni tatu na nusu za Tanzania. Haimalizi nyumba, nitafika huko.

Masi hakuwemo kwenye sensa ya hali ya maisha ya 2011, ambayo ndiyo iliyozaa orodha ya kwanza. Wakati ule alikuwa kwa kaka yake, mjini Mundra. Akaandikwa kwenye uchunguzi wa pili, Awaas+, uliofanywa 2018 hadi 2019 kwa ajili ya walioachwa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, kuta za mawe yaliyoshikwa kwa udongo, na paa la vigae vilivyofinyangwa kwa mkono. Vigae hivyo ndivyo vilivyomwokoa. Vingekuwa vya kiwandani, vile vya Mangalore ambavyo bado vimeezeka majengo ya zamani pale Tanga mjini, paa lingehesabiwa kuwa imara, naye asingetambuliwa kama mtu asiye na nyumba.

Orodha si siri. Iko mtandaoni, unachagua jimbo, wilaya, taluka na kijiji, majina yanatoka. Hata hivyo nilikwenda ofisi ya panchayat, yaani serikali ya kijiji, kumwona talati, katibu wa kijiji, kwa sababu mtandaoni unaona jina tu. Huoni nani ananung'unika. Na kweli, kulikuwa na mnung'uniko. Uani kwa Masi lilikuwa likilala trekta, na mtu mwenye mashine ya kilimo haruhusiwi kupewa nyumba. Orodha lazima ipite kwenye gram sabha, mkutano wa wanakijiji wote, na yeyote anaweza kusimama akapinga. Nikamwambia shemeji, ambaye ndiye mwenye trekta, aje mkutanoni na kitabu cha usajili mkononi. Swali lilipoulizwa, kitabu kikazungushwa kutoka mkono hadi mkono, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo trekta linalala kwake.

Masharti ya kumtoa mtu kwenye orodha yalikuwa mengi, mengine ya kuchekesha. Ukiwa na pikipiki, umetoka. Friji, umetoka. Simu ya mezani pia! Nani kijijini bado ana simu ya mezani? Mwaka 2024 hayo matatu yaliondolewa, na kiwango cha kipato cha mtu mmoja wa nyumbani kikapandishwa kutoka rupia 10,000 hadi 15,000 kwa mwezi.

Zamu ya Masi ilipofika zilitakiwa nakala ya Aadhaar, yaani kitambulisho cha taifa, kitabu cha benki, kadi ya kazi ya mpango wa ajira vijijini, na uthibitisho wa kiwanja. Hati ya kiwanja hakuwa nayo, lakini nyumba yake ilikuwemo kwenye daftari la kodi la panchayat tangu enzi za mumewe, na hilo likakubaliwa. Kilichotusumbua ni jina. Pesa haipiti tena mikononi mwa ofisa. Inatoka hazina moja kwa moja kuingia kwenye akaunti, na mfumo unalinganisha majina herufi kwa herufi. Jina la marehemu mumewe, ambalo ni sehemu ya jina lake, liliandikwa kwa V kwenye Aadhaar na kwa W benki. Kwa Kigujarati herufi ni ileile, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuliona kosa. Benki wakatuambia turekebishe Aadhaar. Kituo cha Aadhaar wakatuambia turekebishe benki.

Ukikutwa na jambo hili, ushauri wangu ni mmoja: Aadhaar usiiguse. Imeshafungamanishwa na kadi ya chakula, gesi, pensheni ya ujane na kadi ya kazi. Ukibadilisha herufi moja, kote huko kunaanza kukataa. Rekebisha benki. Nilijaza fomu ya utambulisho upya, nikaambatanisha nakala ya Aadhaar, nikakaa pale pale hadi meneja alipoiweka sahihi. Kisha Masi akatoa rupia 100 kwa dole gumba ili akaunti ihesabike kuwa inatumika.

Baada ya hapo akaja kijana kutoka taluka na simu yake kupiga picha. Anataka Masi asimame mbele ya nyumba mbovu, uso uonekane, na simu ishike satelaiti ili mahali pajulikane. Masi alipoambiwa ni picha ya serikali, akaingia ndani kubadilisha mtandio. Alipotoka, wingu, na programu ikawa imejifunga. Wakaanza upya. Mwisho kijana akapiga pia picha ya kiwanja kitupu pembeni, tulipotaka kujenga ile mpya.

Kibali kilitoka Februari 2023, na awamu ya kwanza, rupia 30,000, ikaingia haraka kuliko nilivyotarajia. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo. Pesa inafuata picha. Ya pili, 50,000, inakuja kuta zikishapanda na kupigwa picha. Ya tatu, 40,000, nyumba ikikamilika. Maana yake unatakiwa kufika kwenye kuta kwa rupia 30,000, na haiwezekani kwa mjane asiye na akiba. Kuna bwana mmoja alikuja na jibu lake: tumpe kitabu cha benki, yeye ajenge, yeye afuatilie, sisi tukabidhiwe ufunguo. Kanuni za mpango zinakataza mkandarasi. Mwenye nyumba anajenga mwenyewe kwa fundi anayemtaka. Tulimnywesha chai tukamwambia tutafikiria.

Tulichofanya ni hivi. Mawe ya msingi tuliyachukua kwenye zizi lililoanguka zamani, ya kwetu wenyewe. Rupia 30,000 zote zikaingia kwenye saruji, nondo na mchanga. Kilichobaki tulikopa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mandvi, nami sikwenda kumwomba kwa maneno. Nilimpelekea nakala ya kibali. Aliisoma, akaangalia namba ya usajili, akasema atalipwa awamu ya pili ikiingia. Wenye maduka wanaijua mipango hii kuliko hata wanaoiendesha. Lori la mchanga likaishia kwenye lami, kwa sababu barabara ya mpango wa barabara vijijini inafika kwenye kijiji chenyewe, haiingii kwenye kitongoji chetu. Kutoka pale tulihamisha kwa chhakdo, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, guta letu la kule nyumbani. Nauli yake hakuna mpango unaoirudisha.

Kazi ya mikono ililipiwa na mpango wa ajira vijijini: siku 90 za kazi isiyo ya ufundi, na mwaka ule Gujarat walilipa rupia 256 kwa siku, jumla rupia 23,040. Masi na binti yake walichimba msingi, wakachota maji, wakamwagilia zege. Siku ambayo haijaandikwa kwenye daftari la mahudhurio hailipwi, hata kama kijiji kizima kilikuona na sururu. Nilimganda msimamizi hadi akafungua daftari kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Fundi alikuwa mzuri ila mbishi. Alitaka kuruka mkanda wa zege wa chini na kubaki na ule wa juu ya milango, eti nyumba ni ndogo, nondo ni ghali. Kwa ukubwa, kweli ni ndogo: kima cha chini cha mpango ni mita za mraba 25 pamoja na mahali pa kupikia, na sisi hatukuzidi sana. Sikuhitaji kubishana naye. Masi mwenyewe, aliyekuwa ameinama akichekecha mchanga, aliuliza: "Mwanangu, asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 ulikuwa na miaka mingapi?" Tetemeko lile liliua watu zaidi ya 13,000 katika jimbo hili, wengi wao Kutch. Fundi akafunga nondo za mkanda wa chini, na za pembeni zote nne, bila neno.

Awamu ya pili ikaingia, deni la duka likalipwa, tukaanza mbao za kumwagia paa. Gujarat ilikuwa na motisha ya rupia 20,000 kwa anayemaliza ndani ya miezi sita tangu kupokea awamu ya kwanza, kwa hiyo sote tulikuwa na haraka. Ndipo ikaja habari ya kimbunga Biparjoy. Mbao zilikuwa juu, nondo zimeshafungwa, na fundi akashauri tumwage kabla hakijafika ili uzito wa zege ushikilie kila kitu. Shemeji naye akawa upande wake. Mimi nilikataa. Zege bichi likipigwa na upepo wa namna ile huku mbao zikitikisika, utapata paa lenye nyufa ambalo hutaliona ubaya wake mpaka likuangukie. Nilimpigia simu mhandisi wa taluka, akasema teremsheni. Tukateremsha mbao zote, tukazilaza na kuzifunga kwa kamba ndani ya kuta mpya.

Kimbunga kilitua tarehe 15 Juni 2023 karibu na bandari ya Jakhau, magharibi yetu. Watu kama 100,000 walihamishwa pwani ya Gujarat. Masi na binti yake walilala shule ya kijiji. Waliporudi, paa la nyumba ya zamani lilikuwa limetawanyika hadi barabarani na kona moja ya ukuta imeyeyuka. Kuta mpya zilisimama. Paa tulimwaga mapema Julai, na maji ya kumwagilia zege mvua ikatuletea bure.

Mwezi huo huo tulipiga plasta, tukaweka mlango na madirisha. Kwenye picha ya mwisho mkaguzi anataka kuona na choo. Masi alikuwa nacho, alikijenga 2017 kwa rupia 12,000 za mpango wa usafi, kwa hiyo tulibadilisha mlango tu. Pesa hiyo haitolewi mara mbili. Bomba la Jal Jeevan, mpango wa maji majumbani, lilikuwa limeshafika kwenye nyumba ya zamani, na kulisogeza hatua chache ilikuwa kwa gharama yetu. Mita ya umeme vivyo hivyo. Kibao cha mpango kikabandikwa ukutani, picha ikapigwa, awamu ya tatu ikaingia, na ile motisha ikafuata baadaye kidogo.

Nyumba yote ilikula kama rupia 260,000. Ukijumlisha awamu zote, ujira wa siku 90 na motisha, serikali ilitoa rupia 163,040. Iliyobaki ni mume wangu, shemeji, na dada yangu aliyetuma kutoka Dar es Salaam. Kwangu mimi huo ni msaada mkubwa na pia ni msaada uliopitwa na wakati: rupia 120,000 iliwekwa 2016, na saruji haikubaki 2016. Gujarat wameliona hilo, na 2025 wakaongeza 50,000 kutoka mfuko wa jimbo. Majirani wenye nyumba za hivi karibuni wanatucheka kidogo kwa haraka yetu.

Jirani wa ukuta wa pili wa Masi alikataliwa kipindi kile kwa sababu mwanawe alikuwa na pikipiki. Uchunguzi mpya wa Awaas+ ulipofunguliwa, nilikwenda kukaa naye. Sasa hivi uso unathibitishwa kwa kamera ya simu, na simu inakutaka upepese macho ili ijue kuwa wewe si picha. Mama wa watu alikuwa akikodoa kwa hofu asiharibu, nasi tukimwambia pepesa, pepesa, mpaka mjukuu alipompulizia usoni. Jina limeingia. Tunangoja gram sabha, na kitabu cha usajili wa pikipiki kiko tayari, endapo mtu hajasikia kwamba sharti lile limefutwa.