Siku yangu na watu wa meno, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Nampakia mwanasesere wa mazoezi kwenye bajaji hapa Nkuhungu, nimemfunika kanga kwa ajili ya vumbi. Dereva anageuka: "Mama, mgonjwa wako mbona hapumui?" Namjibu anakwenda kung'olewa jino. Mimi ni muuguzi wa usingizi, na siku nisipokuwa zamu nafundisha kliniki za meno namna ya kumwokoa mgonjwa aliyezidiwa na dawa ya kutuliza.

Saa 2:00. Nataka wote wakae, hata dada wa mapokezi, maana ndiye atakayepiga simu. Kabla ya maneno mengi naomba oksijeni. Mtungi upo, umejaa, ila spana ya kuufungulia haionekani. Nabonyeza saa. Zinapita dakika nne na ushee ndipo inapatikana kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti. Ubongo hausubiri muda wote huo. Wameifunga kwa kamba kwenye shingo ya mtungi bila mimi kusema neno.

Saa 4:00. Chai na chapati, huku tukiongelea kufunga kula. Mwisho wa maji ni masaa mawili kabla ya dawa ya kutuliza, maziwa ya mama masaa manne, chakula chepesi masaa sita. Tabibu anauliza kuhusu uji. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi namna gani, na kina mama huwanywesha watoto alfajiri kwa huruma.

Saa 5:00. Hapa ndipo penye kazi. Mgonjwa wetu wa kuigiza amepewa midazolamu, dawa ya kutuliza, na yuko kwenye oksijeni ya puani. Namnong'oneza muuguzi: kifua kimeacha kupanda. Oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, inasoma asilimia 98, na daktari anaendelea kuchimba. Namba hiyo huchelewa. Mwenye oksijeni puani anaweza kuacha kupumua na kioo kikabaki kizuri kwa muda. Muuguzi amekaa kimya.

"Sista, mbona hukusema?"

"Dokta alikuwa hajamaliza."

Jibu hilo nalikuta karibu kila kliniki, na kwangu ni hatari kuliko mtungi mtupu. Basi tunarudia, tena na tena: yeyote anayeona anasema "Simama!", daktari anatoa mikono, pamba na vyuma mdomoni, anafyonza mate, anainua kidevu. Asipopumua, ambu, ule mfuko wa kumpumulisha kwa mkono. Flumazenili, dawa ya kuondoa nguvu ya midazolamu, inafuata baadaye, miligramu 0.2 kwenye mshipa, na huisha nguvu kabla ya midazolamu, kwa hiyo mgonjwa akizinduka haendi kupanda bodaboda. Anabaki akiangaliwa.

Saa 8:00 mchana. Kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Kiti cha meno kikilazwa hunesa, nguvu inapotea bure. Tunasukuma stuli chini ya egemeo.

Saa 9:30. Zoezi la mwisho. Muuguzi mdogo kuliko wote anapaza "Simama!" kabla sijamaliza kumkonyeza, na mikono ya daktari iko juu tayari. Kisha daktari ananiuliza bei ya mashine ya kupima hewa anayotoa mgonjwa. Namwambia ni ya maana, aiweke kwenye bajeti. Ila kesho anunue stuli ya chuma, hii ya plastiki imeshapasuka.