Bibi alivyohamishwa shule wakati wa vita
Huku Uingereza nalea wazee, sasa kuna bibi mmoja ana miaka 92 jana kanisimulia walivyotolewa London Septemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vinaanza na watu wanahofia mabomu, shule yao nzima wakapakiwa treni kwenda kijijini, lebo ya jina kifuani, boksi la barakoa ya gesi begani, mama kaishia getini. Shule ya kijijini ilikuwa ndogo ikabidi wapokezane, wenyeji asubuhi wageni mchana. Nchi nzima wanafunzi zaidi ya 800,000 walihamishwa siku chache tu jamani!! Kilichoniuma zaidi ni mtoto wa miaka 6 kasimamishwa ukumbini anasubiri mtu asiyemjua amchague akaishi kwake. Wangu ana umri huohuo. Ningemtoa kweli, mabomu si mchezo, ila ningelia mpaka sauti ikauke