Kabla mhakiki hajaufungua mswada wako

Mtu wa kwanza kuufungua mswada wa makala yako si mhakiki, yaani bingwa wa fani yako anayeitathmini kazi. Ni mfanyakazi wa ofisi ya uhariri mwenye orodha ya kukagua: kibali cha maadili kimetajwa? Mistari ina namba? Kila kielelezo kina faili lake? Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, imezidi maneno yaliyoruhusiwa? Kikikosekana kimoja, mswada unarudi kwako na foleni unaianza upya. Inauma kuona utafiti mzuri, uliofanywa kwa jasho huko Kigoma au Kwale, ukikwama mlangoni kwa sababu ya picha yenye pikseli chache.

Nitatumia PLOS ONE kama mfano, kwa kuwa ni jarida linalofahamika kwa watafiti wa afya na mazingira wa kwetu, na masharti yake yameandikwa waziwazi. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa maelekezo kwa waandishi siku unayoanza kuandika, kisha usome tena siku ya kutuma.

Jarida huchaguliwa kabla ya kuandika, si baada. Chaguo hilo ndilo linaloamua mtindo wa marejeleo, urefu wa ikisiri, mahali pa kuweka majedwali na hata mpangilio wa sehemu. Ukiwa na shaka kama jarida ni la kweli au la kitapeli, pitia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit. na uangalie kama limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure. Barua pepe inayokusifu kwa "makala yako adhimu" na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ni ya kufutwa. Kama ada ya uchapishaji ni mzigo, ulizia punguzo au msamaha kabla ya kutuma. Wachapishaji wengi hufuata orodha ya nchi ya Research4Life, mpango unaozisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata majarida, na ombi hilo likiletwa baada ya makala kukubaliwa mara nyingi hukataliwa.

Kama chanzo chako ni tasnifu, usiifupishe. Anza ukurasa mtupu. Tasnifu humthibitishia mtahini kwamba umesoma; makala humwonyesha msomaji jambo moja ulilogundua. Sura ya Pili yote, yaani mapitio ya maandiko, hugeuka aya mbili au tatu za utangulizi. Fasili za istilahi huondoka. Maelezo marefu kuhusu falsafa ya utafiti huondoka pia. PLOS ONE haiweki ukomo wa urefu, lakini makala ya afya inayosomeka vizuri huwa na maneno kama 3,000 hadi 4,000 bila kuhesabu marejeleo.

Naona mpangilio bora wa kazi ni huu: tengeneza majedwali na vielelezo kwanza, andika matokeo kwa kuyafuata, kisha mbinu, kisha mjadala, kisha utangulizi. Ikisiri iwe ya mwisho. Anayeanza na ikisiri hubaki na namba za zamani ndani yake, na hilo ndilo kosa ambalo wahakiki hulikamata haraka kuliko yote.

Hapa kwenye namba ndipo ninapomwomba kila mwandishi atulie. Chukua mfano wa sampuli. Kanuni ya Cochran, kwa uwiano wa 0.5, kosa la 5% na uhakika wa 95%, hutoa 384.16. Ukubwa wa sampuli hukadiriwa kwenda juu, kwa hiyo jibu ni 385, ingawa tasnifu nyingi huandika 384. Sasa tuseme waliombwa 385, wakakubali 371, na dodoso 9 zikatupwa kwa kutokamilika. Waliochambuliwa ni 362. Namba hiyo 362 lazima ionekane ileile kwenye ikisiri, kwenye aya ya kwanza ya matokeo na kwenye kichwa cha Jedwali la 1. Kama swali la kipato lilijibiwa na watu 340 tu, asilimia za mstari huo zigawanywe kwa 340, na maelezo chini ya jedwali yaseme hivyo. Chapisha mswada kwenye karatasi, zungushia kila namba kwa kalamu, kisha itafute kwenye matokeo ya programu yako ya takwimu. Kazi hii haina njia ya mkato.

Thamani ya P, ile inayopima kama tofauti ingeweza kutokea kwa bahati tu, isiandikwe 0.000 kamwe. Programu huonyesha hivyo kwa sababu ya kukadiria. Wewe andika P < 0.001. Weka mipaka ya uhakika ya 95% kando ya kila makadirio, maana P peke yake haimwambii msomaji ukubwa wa tofauti. Asilimia za kikundi chenye watu chini ya mia hazihitaji desimali. Na wenzetu wa Kongo na Burundi wanaotumia kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa wachunguze majedwali yao yote: Excel huandika 3,5 pale ambapo jarida la Kiingereza linataka 3.5, na ukirekebisha kwa jicho hutakosa kuacha moja. Badilisha mpangilio wa kompyuta kwanza, ndipo utoe majedwali.

Excel ina hatari nyingine: hugeuza maandishi kuwa tarehe. Majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yaliharibiwa hivyo katika makala nyingi sana, mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikayabadilisha kuwa SEPTIN1 na MARCHF1. Namba ya sampuli ya "3-5" nayo huwa tarehe 3 Mei au Machi 5. Fanya safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza data.

Jedwali lijengwe kwa kifaa cha jedwali cha Word, seli kwa seli. Ukipanga safu kwa kubonyeza nafasi au tabo, zitasambaratika mara tu fonti inapobadilika upande wa pili. Seli moja ibebe namba moja, na usibonyeze Enter ndani ya seli ili kuweka namba mbili juu na chini, maana mpangaji kurasa hataweza kujua ipi ni ya mstari upi. Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu, si kando ya kila namba. Jedwali lisiwekwe kama picha. PLOS ONE hutaka kila jedwali likae ndani ya mswada, mara baada ya aya inayolitaja kwa mara ya kwanza. Majarida mengine huyataka mwishoni, baada ya marejeleo.

Vielelezo hufuata njia tofauti. Maelezo ya kielelezo hubaki ndani ya mswada, baada ya aya inayokitaja, lakini picha yenyewe hupakiwa peke yake, ikiitwa Fig1.tif, Fig2.tif na kuendelea. Inatakiwa faili ya picha ya aina ya TIFF au EPS, nukta 300 hadi 600 kwa inchi, upana wa pikseli 789 hadi 2,250, kimo kisichozidi pikseli 2,625, na faili chini ya MB 10. Kwa nukta 300, upana wa pikseli 2,250 ni sentimita 19 hivi. Maandishi ndani ya picha yawe Arial, Times au Symbol, ukubwa wa pointi 8 hadi 12.

Kinachoharibu picha ni safari inayopita. Ukiibandika kwenye Word, Word huibana hadi nukta 220 kwa inchi isipokuwa umezuia ubanaji kwenye mipangilio yake. Ukiituma WhatsApp kama picha, hubanwa zaidi. Itume kama hati. Kuichukua picha ya nukta 72 na kuandika 300 kwenye programu ya picha hakuongezi chochote, kwani programu hubuni pikseli za kujazia na mistari hubaki na ukungu. Rudi kwenye chanzo. Kwa anayechora kwa R, programu ya takwimu, mstari mmoja unatosha:

ggsave("Fig1.tif", width = 17, height = 12, units = "cm", dpi = 300, compression = "lzw")

Ramani zimewarudisha wengi. Picha ya Google Maps haikubaliki PLOS, kwa kuwa jarida huchapisha kwa leseni ya CC BY, inayomruhusu yeyote kuitumia kazi mradi amtaje mwenyewe, na haki za picha hiyo si zako kuzitoa. Chora ramani ya eneo la utafiti kwa QGIS, programu ya bure ya ramani, ukitumia data huria kama za Natural Earth, na utaje chanzo chini yake.

Kuhusu mswada wenyewe: nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, na namba za mistari zinazoendelea mwanzo hadi mwisho bila kuanza upya kila ukurasa. Vichwa vipangwe kwa mitindo ya vichwa ya Word, si kwa kukoleza wino tu, na visizidi ngazi tatu. PLOS ONE haikubali tanbihi. Ikisiri isizidi maneno 300 na isiwe na marejeleo. Jina la makala lisizidi herufi 250, na jina fupi herufi 100. Taarifa za ufadhili hazikai kwenye shukrani, hujazwa kwenye fomu ya mtandaoni.

Marejeleo yaachie Zotero au programu nyingine ya kupanga marejeleo, lakini usiiamini kwa macho yaliyofumba. Kosa ninaloliona mara nyingi ni taasisi kusomwa kama mtu: World Health Organization hutokea kwenye orodha kama "Organization WH", kwa sababu jina liligawanywa kuwa la kwanza na la ukoo. Liweke kwenye uga mmoja. Kwa kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili, jaza "sw" kwenye uga wa lugha, la sivyo mitindo mingine itaweka herufi kubwa katika kila neno la jina la kitabu kana kwamba ni Kiingereza. Mtindo wa marejeleo wa APA hutaka pia tafsiri ya jina hilo ndani ya mabano ya mraba. Hifadhi nakala moja yenye viungo hai vya programu kabla ya kuvikata, kwani mhakiki akitaka marejeleo mapya utaihitaji.

Na majina yetu wenyewe? Mtu mwenye jina lake, la baba na la babu huandikwa kwa majina mawili kwenye makala moja na matatu kwenye nyingine, na hifadhidata humhesabu kuwa watu wawili. Chagua umbo moja la jina ulishike maisha yako yote ya kitaaluma, na ujisajili ORCID, daftari la kimataifa la watafiti, upate namba yako ya tarakimu 16. Ni bure.

Nani awe mwandishi? Mwongozo wa ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, una masharti manne na yote yatimizwe: kuchangia kwa kiasi kikubwa ubunifu wa kazi au data au uchambuzi, kuandika au kuhakiki maandishi, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi. Mkuu wa idara hawi mwandishi kwa cheo chake. Aliyekusanya data miezi mingi vijijini apewe nafasi ya kusoma na kusahihisha mswada, ili naye ayatimize masharti yote, si kuishia kwenye shukrani. Programu ya akili mnemba haiwezi kuwa mwandishi, na matumizi yake hutajwa wazi.

Maelezo ya maadili kwenye sehemu ya mbinu yataje kamati kwa jina, namba ya kibali, na kama ridhaa ilikuwa ya maandishi au ya mdomo. Kwa watoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, Tanzania kuna kibali cha COSTECH, tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, na watafiti wa afya Tanzania huomba pia ruhusa ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kabla ya kuchapisha. Iombe ruhusa hiyo mapema mswada ukiwa unasomwa na wenzako. Data unazoweka wazi, tuseme kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Zenodo, zisafishwe kuliko kufuta majina tu: kijiji kidogo, umri na kazi vikiwekwa pamoja vinaweza kumtambulisha mtu, sembuse alama za GPS za nyumba yake.

Jarida likificha majina ya waandishi kwa wahakiki, toa majina pia kwenye shukrani na kwenye sifa za faili, ambako Word huhifadhi jina la mwenye kompyuta. Barua kwa mhariri iwe nusu ukurasa: mmegundua nini, kwa nini kinawahusu wasomaji wa jarida hilo, na kwamba kazi haijachapishwa wala kutumwa kwa jarida jingine.

Maoni ya wahakiki yakija, nakili kila hoja neno kwa neno, jibu chini yake, na utaje namba za mistari za toleo safi. Pakia matoleo mawili, moja likionyesha mabadiliko na jingine safi. Usipokubaliana na hoja, eleza sababu kwa ushahidi. Mhariri huheshimu hilo kuliko mabadiliko ya kumridhisha mtu.

Makala ikikubaliwa, majarida mengi hutuma prufu, yaani kurasa zilizopangwa tayari kuchapishwa, na kutaka jibu kwa haraka, mara nyingi ndani ya saa 48, kwa hiyo mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, asiwe mtu aliye nje ya mtandao wiki hizo. Kwenye prufu anza na alama. Herufi ya maikro (µ) iliyoandikwa kwa fonti ya Symbol ni "m" iliyovaa fonti hiyo. Fonti ikipotea, mikrogramu 50 huwa miligramu 50, dozi mara elfu. 10⁵ hupoteza kipeo ikawa 105. Kisha angalia majina, taasisi, namba ya ruzuku, na kila jedwali mstari kwa mstari dhidi ya mswada uliotuma. Kosa likipita hapo, hurekebishwa kwa tangazo la masahihisho linalochapishwa peke yake.