Marashi Yaliyokuwa na Mtu Ndani

Chini ya kitanda cha mama, katika nyumba yetu ya Isevya hapa Tabora, kuna sanduku la bati lililokuwa la baba, na ndani yake, katikati ya soksi nzito za kazini na vitambulisho vya reli vilivyofifia, kuna chupa ya kijani ya Brut yenye mnyororo mwembamba wa rangi ya fedha shingoni. Si ile chupa ya plastiki inayouzwa madukani siku hizi. Hii ni ya kioo, nzito mkononi, na marashi yaliyobaki ndani yake ni ya kina cha kidole kimoja. Baba, aliyekuwa karani wa stesheni, aliipata katika miaka ya themanini, wakati ambapo hata sabuni ya kuogea ilipangiwa foleni, kwa hiyo aliitumia kwa hesabu: sikukuu, harusi, na siku ya mshahara. Sisi watoto tulijua mshahara umetoka kabla hajasema neno.

Mwaka juzi nililifungua sanduku hilo nikitafuta hati ya kiwanja, nikaifungua na chupa. Pumzi ya kwanza ilinikatisha tamaa, kwa kuwa ilinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Baadaye nilijifunza kwamba ndivyo yanavyoanza marashi mengi ya kale, kwa sababu viungo vyepesi vya juu, hasa vya ndimu na machungwa, ndivyo vinavyoharibika kwanza vikipatwa na joto na hewa. Nilijipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono nikaendelea kupekua karatasi. Baada ya robo saa hivi ule ukali ulikuwa umekwisha, na mahali pake pakawa na harufu ya vuguvugu: lavenda iliyokauka, nyasi zilizokatwa juzi, poda ya kinyozi, na chini kabisa kitu kinachofanana na shingo ya mtu aliyeshinda juani. Hati ya kiwanja sikuipata siku ile.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda ushahidi, nilikwenda mjini nikanunua Brut mpya, nikapaka vipande viwili vya pamba, nikampelekea mama akiwa uani anachambua mchele, bila kumwambia kipi ni kipi. Alinusa cha kwanza, akanusa cha pili, akarudia cha kwanza. "Hiki kimeoga tu," akasema akinirudishia kile kipya. Kile cha zamani alikaa nacho. "Hiki kimetoka kazini, kikaoga, kikavaa shati. Hiki kina mtu ndani." Kisha akaendelea na mchele wake, na kipande kile sikurudishiwa.

Ni kweli kwamba sehemu ya tofauti hiyo imeletwa na umri wa chupa, na sitaki kudai zaidi ya nilichokinusa. Hata hivyo tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kutafuta, nikinusa kila chupa kuukuu ninayoweza kuifikia, na nimefikia mahali pa kukubaliana na mama. Kiswahili chetu kimetupa vitenzi viwili kwa pua moja: kuna kunuka na kuna kunukia, na mtoto hupatwa na kicheko akivichanganya. Marashi ya kiume ya zamani yalikaa katikati ya vitenzi hivyo viwili. Yalinukia, lakini ndani ya kunukia huko palikuwa na chembe ya kitu kinachonuka, na chembe hiyo ndiyo iliyoyafanya yafanane na mtu badala ya kufanana na nguo iliyofuliwa.

Chembe hiyo ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwa mnyama. Huku kwetu fungo tunamfahamu kwa tabia yake ya kujisaidia mahali pamoja usiku baada ya usiku, hata rundo lake likajaa mbegu za matunda ya porini. Mnyama huyo ana tezi karibu na mkundu zitoazo ute mzito ambao watu wa pwani waliuita zabadi, na nchini Ethiopia mafungo yamefungiwa vizimbani kwa karne nyingi ili ute huo ukwanguliwe na kuuzwa nje. Ikiwa ghafi inafukuza watu nyumbani, lakini ikichanganywa kwa kiasi kidogo mno inayapa maua na miti uhai usioweza kuelezeka kirahisi. Miski nayo ilitoka kwa paa dume wa milima ya Asia, aliyeuawa kwa ajili ya kifuko kimoja kilicho tumboni mwake. Mkemia Leopold Ružička alibainisha mwaka 1926 muundo wa kiini cha zabadi na ule wa kiini cha miski, akaja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1939, na kazi ya namna yake ndiyo iliyofungua njia ya kutengeneza harufu hizo maabara. Sina machozi ya kuwalilia wafugaji wa mafungo. Kizimba ni kizimba. Ninachosema ni kwamba mtunzi wa manukato wa zamani, awe na zabadi ya mnyama au ya maabara, hakuogopa kuitia.

Miski ya bei nafuu ina hadithi yake ya pekee. Mwaka 1888 Albert Baur, aliyekuwa akichunguza baruti na jamaa zake, alikuta moja ya michanganyiko yake inanukia miski, na kutokana na ajali hiyo ikazaliwa familia nzima ya miski za bandia zilizotumika katika sabuni na marashi kwa muda mrefu. Mojawapo, iitwayo miski ya ambrette, ilibainika baadaye kuwa inawawasha baadhi ya watu ngozi wanapopigwa na jua, ikapigwa marufuku Ulaya. Fomula zilizoijenga nyumba yao juu yake zilibaki bila msingi.

Kwa mtu wa Tabora, hata hivyo, kinachogusa zaidi si mnyama, ni tumbaku. Aliyewahi kupita karibu na bani la kukaushia tumbaku ya mvuke kule Urambo au Sikonge anajua kwamba jani likianza kugeuka manjano hewa inakuwa na utamu wa nyasi kavu, asali na mlozi, mbali kabisa na moshi wa sigara. Utamu wa aina hiyo una mwenzake maabara, kumarini, ambayo William Perkin aliitengeneza mwaka 1868, na mwaka 1882 Paul Parquet wa nyumba ya Houbigant akaitia katika marashi yaitwayo Fougère Royale. Kutokana na hayo ukazaliwa ukoo mzima wa manukato ya kiume: lavenda juu, kumarini katikati na chini, na kitu cha tatu ambacho nitakieleza sasa hivi. Brut, iliyotolewa na Fabergé mwaka 1964, ni mjukuu wa ukoo huo. Nilipogundua hilo nilielewa kwa nini marashi yaliyobuniwa mbali sana na hapa yalimkaa vizuri karani aliyelelewa kati ya mashamba ya tumbaku.

Kitu cha tatu ni ndevu za mwaloni. Ndivyo ninavyoziita mwenyewe: ni muungano wa kuvu na mwani unaoota kwenye magome ya mialoni ya Ulaya, wa rangi ya kijivu inayoelekea kijani, nao hukusanywa kwa mikono na kukamuliwa ukawa uji mzito mweusi. Harufu yake ni ya udongo uliolowa, wino, magome, na chumvi kidogo. Haiko mbele hata siku moja. Kazi yake ni kukaa chini na kuyazuia mengine yasiruke, kama chumvi katika ugali wa wenzetu wanaoutia chumvi. Ukiiondoa, lavenda inabaki kuwa sabuni na kumarini inabaki kuwa peremende. Tatizo ni kwamba uji huo una kemikali mbili, atranoli na kloroatranoli, zinazowasababishia baadhi ya watu mzio mkali wa ngozi. Chama cha kimataifa cha watengeneza manukato, IFRA, kilikwisha kuweka kikomo cha matumizi yake, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku kemikali hizo mbili katika vipodozi, ukatoa muda hadi Agosti 2019 kwa bidhaa mpya na hadi Agosti 2021 kwa zilizokuwa tayari madukani. Ndevu zenyewe hazikukatazwa, na leo kuna aina iliyosafishwa. Lakini fomula nyingi zilizotegemea ule uji mzito zilipaswa kuandikwa upya, na nyingine hazikupata mtu wa kuziandika.

Msomaji atasema: basi, lawama ni za sheria. Hapana, ladha ya watu ilibadilika kabla sheria hazijabana. Mwaka 1981 Pierre Bourdon aliitungia nyumba ya Yves Saint Laurent marashi ya Kouros, yenye unyama ulio wazi kiasi kwamba hadi leo kuna wanaoyatukuza na wanaoyafananisha na choo cha stendi. Mwaka 1988 mtu huyohuyo aliitungia Davidoff Cool Water, harufu ya maji baridi na hewa safi, na dunia ikamfuata huko. Miaka ya tisini ikawa ya maji: L'Eau d'Issey pour Homme mwaka 1994, Acqua di Giò mwaka 1996. Ni marashi mazuri na nimewahi kuyavaa. Ila mwanamume aliyeyavaa hunukia kama mahali alipotoka, wala si kama yeye.

Mengine yalikufa kwa sababu za kihasibu tu. Shulton, wenye Old Spice, walinunuliwa na Procter & Gamble mwaka 1990; Fabergé waliingia mikononi mwa Unilever mwaka 1989; na kampuni kubwa inaponunua ndogo, hutazama orodha na kufuta kisichouzika. Hai Karate, yaliyotolewa mwaka 1967 na tawi la kampuni ya dawa ya Pfizer, yaliuzwa pamoja na karatasi ya kumfundisha mvaaji kujihami dhidi ya wanawake watakaomvamia. Kwa hayo sina huzuni kubwa.

Patou pour Homme ni habari nyingine. Yalitungwa mwaka 1980 na Jean Kerléo, na wanaoyajua huyataja kwa sauti ya chini. Kerléo huyohuyo ndiye mmoja wa walioanzisha, mwaka 1990 huko Versailles nchini Ufaransa, hifadhi ya manukato iitwayo Osmothèque, ambako marashi yaliyopo na yaliyokwisha kufa, mengine yakiwa yametengenezwa upya kwa fomula zake za awali, hutunzwa kwenye nyuzi joto 12, gizani, chini ya gesi ya agoni isiyoyaruhusu kukutana na hewa. Ninapoisoma habari hiyo nalitazama sanduku letu la bati na kulikumbuka joto la hapa mwezi wa Oktoba, nikaona chupa ya baba imefanya miujiza.

Tamaa yangu ilinifikisha pabaya mara moja. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitangazia chupa ya marashi ya zamani yasiyotengenezwa tena, na picha zilikuwa safi: kioo sahihi, maandishi sahihi, kisanduku kilichochakaa kwenye pembe kama inavyotakiwa. Nilituma fedha ambayo sitaitaja, maana mke wangu husoma ninayoandika, na parseli ikaja kwa basi. Chupa ilikuwa halisi. Maji yaliyokuwamo yalinukia udi wa kupima uliokorogwa na spiriti, ule wa vichupa vya elfu mbili, na kwenye ukingo wa bati lililobana shingo palikuwa na mikwaruzo midogo ya koleo. Tangu hapo, kabla sijatuma senti, huomba kwanza picha ya shingo, kisha picha ya kimo cha marashi chupa ikiwa imesimama: marashi ya miaka arobaini yaliyojaa hadi juu, na chupa imefunguliwa, yananipa shaka.

Rafiki zangu wachache wanaojua ugonjwa huu wamegawanyika kuhusu jambo moja, nalo ni kama chupa ya namna hii inafaa kuvaliwa au kutunzwa. Mimi nimeamua kuvaa. Hapa hatuna gesi ya agoni, na yatakwisha yenyewe hata nisipoyagusa. Mwezi wa Desemba nilijipaka mara mbili shingoni nikaenda kwenye harusi ya mtoto wa jirani, Cheyo. Nilipoinama kumsalimia mzee mmoja aliyefanya kazi na baba relini, "Shikamoo, mzee," hakuitikia upesi. Alinishika mkono akaung'ang'ania, akainua uso, akauliza kama leo ni tarehe ya mshahara.

Kidole kimoja cha marashi sasa kimekuwa nusu kidole. Mama amekwisha kuniagiza nisiitupe chupa itakapokwisha, kwa kuwa ule mnyororo, asema, aliuona kabla yangu.