Droo ya jiko la gari ilikwama: kosa lilikuwa kwenye kasha

Dalili: droo ya nyuma ya gari ikiwa tupu inateleza vizuri. Ukiweka jiko la plati mbili na sufuria, inakwama katikati, na kwenye barabara ya vumbi inafunguka yenyewe na kugonga mlango.

Reli, vyuma vya pembeni ambavyo droo inatelezea, zilikuwa nzima. Nafasi ndani ya kasha linaloibeba droo ilikuwa milimita 500 mbele lakini 494 nyuma. Droo ina upana wa 474, kwa hiyo nyuma zilibaki milimita 10 kila upande, wakati reli za kawaida za gololi zinataka karibu 12.7. Uzito ukiongezeka, gololi zinabanwa.

Nilifungua ubao wa nyuma, nikakata mwingine wa plaiwudi ya milimita 12 wenye upana wa kutosha, nikapima kona kwa kona mpaka vipimo vikalingana, ndipo nikakaza skrubu. Usikaze kwanza ukapima baadaye.

Kujifungua ni suala jingine: reli zisizo na kufuli hazifai garini. Niliongeza komeo la chuma mbele, linaloshika droo ikiwa ndani na pia ikiwa nje, maana gari likiegeshwa mteremkoni droo inarudi na maji ya moto.

Grisi niliifuta yote. Ikichanganyika na vumbi inakuwa kama msasa. Silikoni ya kupuliza inatosha.

Kilo za mzigo zinazoandikwa kwenye reli kwa kawaida ni za jozi, si za kila moja.