Tao la Trajan na Mabishano ya Familia

Baba mkwe wa dada yangu alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, na mwashi ukimpeleka mbele ya jengo la kale hatazami kile unachotaka atazame. Nilimjua hivyo tangu alipokuja Malindi kwa harusi ya mwanawe. Nilimpeleka Gedi, magofu ya mji wa kale, ambako ndiko ninakolia riziki yangu kwa kutembeza wageni, nikamwonyesha msikiti mkuu, jumba la mfalme na lile kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Aliitikia kwa adabu tu. Kilichomshika ni chokaa: matumbawe huchomwaje, kwa kuni gani, na ikishazimwa huachwa muda gani kabla ya kujengea. Kwenye nguzo ya Vasco da Gama aliuliza swali moja: "Nani alilipa?"

Basi zamu yangu ya kuwa mgeni ilipofika, nilipokwenda Italia kwa ubatizo wa mpwa wangu, nilijua Mzee naye ana lake. Siku iliyofuata ubatizo alitutia garini, mimi, dada na mtoto, akatupeleka Benevento.

Benevento si Roma. Ni mji wa mkoani, bara kutoka Napoli, na Mwitaliano ukimtajia atakwambia habari za wachawi wanaokutana chini ya mti wa jozi, kisha za ile pombe ya njano inayotengenezwa pale. Watalii ni wachache. Ukiacha barabara kuu ya mji wa kale unashuka mtaa mfupi, nyumba huku na huku zina nguo zimeanikwa, na ghafla tao limesimama mbele yako, jeupe, kimo chake zaidi ya mita 15, na uwazi mmoja tu katikati.

Mimi ni mtembeza wageni, na usiku ule nilikuwa nimejisomea. Nikaanza kumweleza dada kama ninavyowaeleza watu Gedi. Tao hili lilijengwa mwaka 114 kwa heshima ya mfalme Trajan, kwa jina la baraza la Roma na watu wake. Hapa ndipo ilipoanzia barabara yake mpya ya kwenda Brindisi, bandari ya kuvukia Ugiriki na mashariki, barabara aliyoijenga kwa fedha zake mwenyewe ili kukata mzunguko wa ile ya zamani, Via Appia. Juu kuna ukanda mwembamba unaolizunguka tao lote, umechongwa maandamano ya ushindi dhidi ya Wadacia, watu wa nchi ambayo leo ni Romania: mateka, magari, wanyama wa kafara.

"Na huyu?" dada akauliza, akionyesha kidole juu upande wa mjini.

"Jupita, mungu wao mkuu. Anamkabidhi Trajan radi yake."

"Makubwa!"

Kilichonivutia mimi kama mtu wa kazi hiyo ni mpangilio. Upande unaotazama mji umechongwa mambo ya amani na ya Roma kwenyewe. Upande unaotazama njia ya Brindisi umechongwa mambo ya majeshi na majimbo. Mwenyeji anaambiwa lake, msafiri anaambiwa lake. Aliyepanga vile alijua nani atasimama wapi, ujuzi ambao sisi watembeza wageni tunautafuta kila siku, tukipigwa na jua, bila kuupata vizuri.

Mzee alikuwa kimya muda wote huo. Aliweka mikono nyuma, akazunguka mara moja akitazama maungio ya mawe. Alisema mawili matatu: kwamba nje ni marumaru ya Paros, kisiwa cha Ugiriki, kwamba ndani ni mawe ya kawaida, na kwamba tao limenusurika kwa sababu watu wa zamani walilifanya lango la ukuta wa mji, wakaliita Lango la Dhahabu. "Kitu kinachotumika hakibomolewi," akasema. Kisha akanishika mkono. "Kijana wangu, umemaliza na mfalme? Njoo uone ndani."

Ndani, kwenye ukuta wa ule uwazi, pale ambapo apitaye njia hupita karibu kabisa na nakshi, hakuna vita. Kuna wanaume na watoto wao. Mmoja amembeba mwanawe mabegani, miguu ya mtoto inaning'inia kifuani mwa baba. Wapo na wanawake waliovaa taji zenye umbo la kuta za mji. Hao ni miji yenyewe. Wanapokea msaada wa mfalme kwa watoto. Mzee alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyosimama kwingine kote. Namna mchongaji alivyoyapa uzito yale mabega, alisema, huyo alikuwa na mtoto nyumbani.

Nikaeleza utaratibu wake. Hazina ya mfalme ilikopesha wenye mashamba kwa rehani ya ardhi zao, na riba waliyolipa haikurudi Roma, ilibaki papo hapo kulisha watoto wa mji. Mzee alikuwa anajua. Kijijini kwao si mbali na Circello, ambako kilifukuliwa kibao cha shaba cha mwaka 101 chenye orodha ya mashamba yaliyowekwa rehani na thamani zake.

"Kwa hiyo aligawa chakula, halafu akajichonga anagawa," dada alisema. "Kaka, si huyu ni mheshimiwa na magunia ya unga na mpiga picha pembeni?"

Mzee hakuchekeshwa. Alisema mtoto aliyeshiba hajali picha. Dada akamjibu, kwa Kiitaliano chepesi kuliko changu, kwamba mama yake mtoto anajali. Mimi ningenyamaza, lakini nikaongeza nilichosoma: kwamba katika mji mmoja hesabu zimebaki, mvulana alipata sestertio 16, sarafu ya Warumi, kwa mwezi na msichana 12. Na wavulana walioandikwa walikuwa wengi mno kuwapita wasichana.

Dada alimhamisha mwanawe bega la kushoto kwenda la kulia. Ni binti. Jana yake tu Mzee alikuwa amembeba kanisani, hataki kumwachia mtu.

"Baba," alimwambia mkwewe, "umesikia? Kumi na mbili."

Mzee akanigeukia. "Mji gani huo?"

"Veleia."

"Veleia iko wapi?"

"Huko juu, karibu na Piacenza."

"Ah!" Akapiga kofi moja. "Watu wa kaskazini! Hapa kwetu Benevento msichana asingepunjwa."

Dada akamwambia athibitishe: amwonyeshe msichana hata mmoja ukutani. Mzee akavaa miwani, akamwonyesha mmoja. Dada akasema yule ni mvulana mwenye nywele. Tulipofika mezani kwa chakula cha mchana walikuwa hawajamalizana, mimi nimeombwa niwe mwamuzi na wote wawili, na muhudumu naye ameshaingilia akiwa upande wa Mzee.