Pima sebule kwanza, kamera baadaye

Anayetaka kuanza biashara ya picha za familia huuliza Canon au Nikon. Mimi nauliza: utapigia wapi, na watu wangapi? Chukua futi kamba uende ukapime sebule ya kawaida. Ukitoa kochi na kabati la vyombo, unabaki na mita nne hivi za kurudi nyuma.

Watu sita bega kwa bega wanachukua upana wa mita tatu. Lenzi ya 50mm isiyo na zumu, ile ya bei nafuu inayosifiwa kila mahali, ikifungwa kwenye Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inakutaka usimame karibu mita saba ndipo wote waingie. Utakuwa umeshatoka nje ya mlango. Kwenye sensa kubwa ya 36 kwa 24mm inataka mita nne na kidogo. Ukitumia lenzi ya zumu ukaiweka 24mm kwenye sensa ndogo, mita tatu na ushee zinatosha. Kwa hiyo lenzi ya 18–55mm inayokuja na kamera, ambayo wengi wanaidharau, ndiyo itakayokulisha miezi ya mwanzo. Ile 50mm iwe ya mtoto mmoja, au bibi na bwana.

Usidanganywe na f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana; namba ikipanda, tundu linabana. Kwa 50mm kwenye sensa kubwa, ukiwa mita tatu, eneo linalotoka kali ni kama sentimita 40 tu. Babu aliyekaa mbele atatoka vizuri, wajukuu waliosimama nyuma ya kiti watakuwa ukungu, na ukungu huo hausafishiki kwenye kompyuta. Bana tundu hadi f/5.6 upate zaidi ya mita moja. Hapo mwanga unapungua karibu mara kumi, ndiyo maana fleshi inunuliwe siku moja na kamera. Ielekeze kwenye dari nyeupe, isiwatazame watu usoni. Dari ikiwa ya kijani au bluu, nyuso nazo zitakuwa hivyo hivyo. Kama juu ni bati tupu, tundika shuka jeupe nyuma yako uielekeze huko.

Sasa mwili wa kamera. Chagua wenye magurudumu mawili ya kurekebishia, kidole gumba na cha shahada kila kimoja na lake. Sababu ni kanzu. Siku ya Idi wanaume watano wenye kanzu nyeupe wakijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso nyeusi zinazama gizani. Ongeza mwanga kwa gurudumu hadi +0.7 au +1, kisha kuza picha kwenye skrini uangalie shingo ya kanzu: tarizi bado inaonekana? Ikiwa imegeuka weupe mtupu, rudisha kidogo. Mabuibui meusi yanaleta kinyume chake, nyuso zinapauka. Marekebisho haya unayafanya kila dakika, huwezi kuwa unatafuta menyu.

Kwa mtumba ningechukua Nikon D750 ya 2014 kuliko Canon 6D ya 2012, ingawa zote zina sensa kubwa na picha zake ni nzuri. D750 ina nafasi mbili za kadi, 6D ina moja, na familia iliyokusanyika kutoka mikoa mitatu hairudiwi kadi ikifa. Megapikseli zisikusumbue: picha ya inchi 8 kwa 10 kwa nukta 300 kila inchi inahitaji 7.2 tu. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) ni nyepesi, lakini Canon RP inakadiriwa picha 250 kwa chaji, D750 zaidi ya 1,200. Umeme ukikatika utaikumbuka tofauti hiyo.

Kabla ya kulipa, piga anga tupu kwa f/16, ukuze, utafute madoa ya sensa. Uliza shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imepiga mara ngapi. Ya D750 ilijaribiwa kwa mara 150,000, ya 6D 100,000. Kwenye Nikon hesabu imo ndani ya faili halisi la picha, Canon nyingi zinataka waya na programu. Mwisho mulika lenzi kwa tochi kutokea nyuma. Huku pwani unyevu huzaa fangasi: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Ukiziona, rudisha lenzi hata kama bei imeshuka nusu, na usiiweke kwenye begi moja na zako.